Kila Chungu na Saa Yake: Sumatra na Java pamoja na Wifi

Jumamosi, Jakarta

Tumetua alfajiri, mvua inanyesha. Januari ni katikati ya msimu wao wa mvua na jiji zima limelowa. Nimesafiri na wifi yangu, ambaye Tanga wanamjua kwa masufuria ya harusi, kwa hiyo nilijua tangu uwanja wa ndege wa Dar kwamba kila kibanda tutakachokaa kitapata maswali. Mwenyeji wetu ni dada wa Kiindonesia niliyewahi kufanya naye kazi. Kabla ya kuondoka nilimwandikia kumuuliza tule wapi. Akajibu: "Usiniulize wapi, niulize saa ngapi."

Nimemwelewa saa kumi na mbili na nusu, pembeni ya barabara huko Tebet, mbele ya meza ya mama anayeuza nasi uduk. Nasi ni wali, na huu ni wali wa nazi. Mchele umepikwa kwa tui, mchaichai na majani ya pandan, jamaa ya ule mkadi tunaoutia kwenye kikuba, na harufu yake imetufikia kabla hatujavuka barabara. Juu ya wali mama anapanga vitunguu vya kukaanga, mayai yaliyokatwa nyuzinyuzi, tempe, yaani soya iliyochachushwa kuwa tofali, iliyokaangwa na sukari ya mnazi, pilipili ya karanga, na krupuk, yale mabisi mapana ya unga na kamba ambayo hapa hayakosekani mezani. Foleni ni ya watu wa ofisi na madereva wa pikipiki. Saa tatu sufuria ilikuwa imeshaoshwa.

"Wali wa nazi na karanga asubuhi yote hii?" wifi akasema. "Kaka yako angeniuliza kama naumwa." Halafu akaomba sahani ya pili. Sahani ni rupia 15,000, haifiki shilingi elfu mbili na nusu za kwetu.

Mchana tumekula soto Betawi, supu ya nyama na matumbo yenye tui na maziwa, na ndimu ya kukamulia. Nzuri, ila nzito kwa mtu aliyetoka kwenye ndege. Cha kukumbukwa kimekuja jioni huko Kota Tua, mji wa zamani wa Wadachi, yaani Waholanzi, ambako wauzaji wa kerak telor hukaa chini na majiko yao ya mkaa. Muuzaji anachukua mchele wa kunata uliolowekwa, anaumwaga kwenye kikaango, anavunja yai la bata au la kuku, anatia kamba wakavu na nazi iliyokaangwa hadi kuwa kahawia. Kisha anakigeuza kikaango kizima juu chini, kinautazama mkaa. Chakula hakidondoki, kimeshagandia chumani, na uso wa juu unaiva kwa moto wa moja kwa moja. Wifi alisimama akitazama hadi wa kwetu ukaiva, na mwingine wa mtu asiyemjua.

Jumapili, Jakarta

Jumapili asubuhi barabara kuu ya Sudirman na Thamrin hufungwa kwa magari, na watu hutembea, hukimbia, na zaidi ya yote hula. Tumekula bubur ayam, uji mzito wa mchele wenye kuku wa kuchambuliwa, soya za kukaanga na krupuk juu. Hapa kuna ugomvi wa kitaifa usio na mwisho: wapo wanaouvuruga uji wote pamoja na wapo wanaokula kutoka pembeni bila kuvuruga, na kila upande unaushangaa mwingine. Mwenyeji wetu havurugi. Wifi alivuruga mara moja tu, dada wa watu akageuza uso.

Mchana tumeingia warteg, mgahawa wa kabwela ulioletwa mjini na watu wa Tegal. Kioo mbele, sahani ishirini nyuma yake, wewe unanyoosha kidole. Mgeni asiyejua lugha aanzie hapa. Mboga za majani, tempe, dagaa wa pilipili, mayai, biringanya. Neno la kujua ni pedas, pilipili kali. Ukitanguliza tidak, yaani hapana, umeomba ipunguzwe, ingawa watapunguza kwa vipimo vyao wenyewe.

Jumatatu, Padang

Ndege hadi Padang, Sumatra Magharibi, haifiki saa mbili. Hii ndiyo nchi ya Waminangkabau, na migahawa yao imetapakaa Indonesia nzima, kwa hiyo ningeweza kula nasi Padang Jakarta nikamaliza. Wifi alikataa. Pilau ya Tanga inaliwa Tanga, alisema, na hoja yake sikuweza kuijibu.

Ukikaa mezani huulizwi unataka nini. Kijana anakuja na sahani zimepangana mkononi hadi begani, anazitua zote mbele yako: rendang, yaani nyama iliyopikwa kwa tui hadi ikakauka, kuku wa mchuzi wa nazi, samaki, ubongo wa ng'ombe, figo, mayai ya pilipili, dendeng, yaani nyama iliyokatwa nyembamba ikakaushwa na kukaangwa, na bakuli la maji ya kunawa lenye kipande cha ndimu. Unakula unachotaka kwa mkono wa kulia. Mwisho wanahesabu vipande ulivyogusa, visivyoguswa vinarudi kioo cha mbele. Muuzaji mwanaume anaitwa Uda, mwanamke Uni, na ukiwaita hivyo uso unabadilika.

Katikati ya mahanjumati yote hayo kulikuwa na kisahani cha majani ya kijani, yamechemshwa tu. Wifi akaonja, akaweka kijiko chini.

"Wifi, hiki si kisamvu?"

Ni kisamvu. Majani ya muhogo, hayakutwangwa, hayana nazi wala karanga. Kazi yake ni kupoza ulimi, maana nazi yote imeshaingia kwenye nyama. Nimefikiri sana juu ya hilo njia nzima kurudi hotelini. Sisi tunapika kisamvu kwa saa nyingi na nyama tunaichemsha upesi, wao wamegeuza.

Jumanne, Bukittinggi

Barabara inapanda kupitia bonde la Anai, maporomoko ya maji yako karibu kiasi kwamba yanailowesha barabara. Dereva wetu ni mwenyeji wa vijiji vya huku, na jana usiku alimpigia simu mama yake. Kwa hiyo leo, badala ya kwenda kutazama mnara wa saa wa Jam Gadang, uliojengwa mwaka 1926, tumekwenda jikoni kwa mtu.

Tumefika saa tatu asubuhi, karai kubwa liko juu ya kuni, tui limeshaanza kuchemka. Nimekula rendang mara nyingi nje ya Indonesia na kila mara ilikuwa nyama yenye mchuzi mzito wa kahawia. Mama alipoambiwa hivyo alicheka. Mchuzi mzito huo una jina lake, kalio, na ni kituo cha njiani. Kwanza unapata gulai, mchuzi mwepesi wa manjano ambao sisi tungeupakua na kuula papo hapo. Ukiendelea kuuchemsha na kuukoroga, unakuwa kalio. Ukiendelea tena, tui linakatika, mafuta yanatoka, na kuanzia hapo nyama haichemki tena, inakaangika ndani ya mafuta ya nazi yaliyotoka kwenye tui lenyewe. Masalia ya tui yanashika kila kipande na kuwa meusi. Hiyo ndiyo rendang. Imechukua hadi baada ya alasiri.

Viungo vyote ni vibichi: pilipili nyekundu, vitunguu vidogo vyekundu, kitunguu saumu, tangawizi, na lengkuas, ambayo ni jamaa ya tangawizi yenye harufu kali zaidi. Vimesagwa juu ya jiwe. Kisha majani ya mmanjano, mchaichai, majani ya ndimu. Wifi aliuliza kama mdalasini na iliki vinafuata baadaye. Mama akasema hapana, akarudia hapana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimemwona wifi akinyamazishwa jikoni. Alipewa mwiko badala yake. Siri kubwa, kama ni siri, ni moto: mwanzo mkubwa, baadaye mdogo sana, na mkono usioacha kukoroga, la sivyo inaungua chini na karai zima linanuka.

Nimetaja saa za vyakula. Rendang haina. Ikikauka vizuri hukaa wiki kadhaa bila friji, na ndiyo maana iliwafaa watu hawa. Vijana wa kiume wa Kiminangkabau wana desturi ya kwenda ugenini kutafuta maisha, na rendang ndiyo iliyofungwa kwenye mizigo yao. Nyumba na mashamba ya ukoo hubaki kwa wanawake na kurithiwa upande wa mama. Mume akioa huhamia kwa mkewe, na huhesabiwa kuwa mgeni wa heshima. Wifi aliomba hilo lielezwe tena, polepole.

Nyama ilipoiva ilikuwa karibu nyeusi. Nyuzi zake zinaachana kwa vidole bila kusambaratika, ladha inaanza na nazi ya kukaangwa, pilipili inakuja nyuma kabisa. Tumekula vipande viwiviwili na wali mkavu. Zaidi ya hapo mtu hawezi.

Kabla ya giza tulipita sokoni kuona nasi Kapau. Wauzaji ni wanawake, wanakaa juu, vyungu vimepangwa mbele yao kwa ngazi, na ili kufikia chungu cha mbele hutumia upawa wenye mpini mrefu kuliko mkono. Mle mna mchuzi wa fenesi bichi na kabichi, bata wa pilipili za kijani, na tambusu, utumbo wa ng'ombe uliojazwa mayai na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Nimeonja tambusu. Laini mno kwangu. Nilichokipenda ni ampiang dadiah: maziwa ya nyati wa kufugwa yaliyogandishwa ndani ya kipande cha mwanzi, yanamwagwa juu ya pepeta, na sukari nyeusi iliyoyeyushwa juu yake. Pepeta ile ile.

Nimesahau kuandika kahawa. Njiani, upande wa Tanah Datar, wanauza kawa daun: majani ya mbuni yaliyokaushwa kwa moshi, yakachemshwa, yananywewa kwenye kifuu. Katika karne ya 19 Wadachi waliwalazimisha wakulima kukabidhi buni zote kwenye maghala ya serikali, na waliopanda kahawa wakabaki kunywa majani. Ina ladha ya chai yenye moshi. Wanaiuza na ndizi za kukaanga, na watu huja na familia zao kuinywa kwa raha, juu ya milima mizuri sana.

Jumatano, njiani

Padang, Jakarta, Yogyakarta. Siku ya viwanja vya ndege, sina la kusema juu ya chakula chake.

Usiku, karibu na stesheni ya Tugu, tumekaa mkekani kwenye angkringan, mkokoteni wenye turubai na taa moja, unaofunguliwa jua likizama. Vifurushi vidogo vya wali kwenye jani la mgomba, mishikaki ya utumbo wa kuku, mayai ya kwale, tempe, chai ya tangawizi. Wanafunzi wamejaa, maana kifurushi ni bei ya peremende. Hapa wana kahawa inayotumbukizwa kaa la moto, linachemka na kufoka ndani ya glasi. Watalii wote wanapiga picha. Mimi nimeona kahawa ilikuwa nzuri zaidi kabla ya kaa.

Vifurushi nimekula vinne. Wifi anadai sita.

Alhamisi, Yogyakarta

Tumeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya fenesi. Gudeg, chakula cha fenesi bichi, hupikwa usiku kucha na walaji wake wakubwa ni wa mapambazuko na wa usiku wa manane. Mtaa wa Wijilan una maduka yanayoiuza kutwa, lakini mwenyeji wa hoteli alitutuma kwa bibi anayekaa kando ya barabara na masufuria manne, na anayeondoka jua likipanda.

Fenesi bichi hukatwakatwa, hupikwa na tui, sukari ya mnazi, giligilani na majani ya mtiki, ambayo ndiyo yanayolipa rangi ya kahawia nyekundu. Baada ya saa zote hizo fenesi linakuwa laini kama nyama iliyochambuka. Juu yake tui lililokaushwa hadi kuwa rojo, kuku, yai lililopikwa kwenye mchuzi huo huo, na krecek, ngozi ya ng'ombe iliyokaangwa kisha ikatiwa kwenye mchuzi mkali. Nitasema kweli: ni tamu. Sukari yenyewe, ya kuhisika kwenye meno. Watu wa Java ya Kati wanapenda sukari kwenye vyakula ambavyo sisi hatungeota kuvitilia, na mgeni wa pwani anaweza kuchukia kijiko cha kwanza. Ngozi ya pilipili ndiyo inayosawazisha, na ukila bila hiyo usinilaumu. Kufikia nusu ya sahani nilikuwa nimeelewa. Wifi hakuelewa, na bado hajaelewa.

Soko la Beringharjo saa mbili. Wanawake wa jamu wamekaa na chupa zao, za njano, za kahawia, za kijani. Hizi ni dawa za mitishamba za kunywa, na mwaka 2023 UNESCO iliingiza utamaduni wa jamu kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Mama alimtazama wifi, akamuuliza mgongo unaumaje, akamchanganyia ya manjano na ukwaju. Jinsi alivyojua habari za mgongo sijui, labda kila mpishi wa masufuria makubwa ana mgongo ule. Mimi nilipewa beras kencur, ya mchele na kencur, kizizi kingine cha ukoo wa tangawizi. Tamu, inapoza koo.

Ndani zaidi sokoni wanauza tempe kwenye majani ya mgomba, na hapa ningemshauri kila Mswahili asimame. Soya hulowekwa, humenywa, huchemshwa, hupozwa, kisha hutiwa hamira ya ukungu na kufungwa. Kwa joto la huku, baada ya siku kama mbili ukungu mweupe umeshazifunga punje zote kuwa tofali moja linalokatika kwa kisu. Ni chakula cha Java tangu zamani, ni rahisi, na ni protini ya mtu asiyeweza kununua nyama kila siku. Sisi tunalima soya nyanda za juu kusini, nyingi yake inaishia kwenye chakula cha kuku. Nimeona aibu kidogo. Tempe nzuri niliyokula hadi sasa ni ya bacem, iliyochemshwa na sukari ya mnazi na giligilani kisha ikakaangwa.

Usiku sate klathak, mishikaki ya huko Bantul, kusini ya mji. Mbuzi, chumvi, basi. Vijiti ni spoku za baiskeli, chuma kinachopitisha moto hadi katikati ya nyama, kwa hiyo vipande vinaweza kuwa vikubwa na bado vikaiva ndani. Wanakupa mishikaki miwili na bakuli la mchuzi. Baada ya utamu wa kutwa nzima, chumvi tupu ilitufanya tukae kimya tukila.

Ijumaa, Solo

Treni ya abiria wa kawaida kutoka Yogyakarta ni rupia 8,000 na kiti kina baridi ya kiyoyozi. Soko la Klewer, mchana, tengkleng: mifupa ya mbuzi yenye nyama kidogo, kwenye mchuzi mwepesi, unakula kwa kufyonza. Inasimuliwa kwamba zamani minofu ilikwenda kwa Wadachi na kwa watu wa kasri, na wafanyakazi waliachiwa mifupa. Sate kere ina hadithi ya namna hiyo hiyo, mishikaki ya mafukara, isiyo na nyama, inayotengenezwa kwa mabaki ya soya baada ya kukamuliwa tofu. Inachomwa na kupakwa mchuzi wa karanga na mtu akifumba macho hatajali.

Jioni nasi liwet, wali uliopikwa kwa tui na supu ya kuku, kwenye jani la mgomba. Wifi alisema hatimaye amekutana na Mjava anayejua kiasi cha sukari.

Jumamosi, Kudus

Kudus haimo kwenye ratiba za watalii wengi. Nimeitaka kwa sababu ya mama yangu, ambaye alilelewa Wete akichuma karafuu.

Gari la kukodi kupitia Purwodadi, mashamba ya mpunga pande zote, kando ya njia mafungu ya rambutan, yaani shokishoki, nyekundu. Mjini harufu inakupokea kabla ya mtu. Sigara za kretek zilianzia hapa mwishoni mwa karne ya 19. Masimulizi yanamtaja Haji Djamhari, aliyechanganya karafuu na tumbaku akitafuta nafuu ya kifua chake. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya nchi hii. Wafaransa waliutorosha hadi Mauritius katika karne ya 18, ukafika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akausukuma mashambani. Kisha viwanda vya kretek vikakua hivi kwamba karafuu za Indonesia hazikutosha, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, hadi walipopanda za kwao za kuwatosha. Bei ilipoanguka, mama anasema, walijua Pemba nzima. Mimi sivuti. Nimesimama tu nje ya jumba la makumbusho ya kretek nikivuta hewa.

Chakula cha Kudus ni soto ya nyati. Bakuli dogo, wali chini, nyama ya nyati, choroko zilizochipua, kitunguu saumu cha kukaangwa kingi. Hawachinji ng'ombe. Sunan Kudus, mmoja wa mawalii tisa wanaohesabiwa kuwa waliueneza Uislamu Java, aliwakataza wafuasi wake wasichinje ng'ombe ili wasiwaudhi majirani zao Wahindu, na mji umeshika neno hilo hadi leo. Msikiti wake, wa mwaka 1549, una mnara wa matofali mekundu wenye umbo la hekalu. Supu yenyewe ni nyepesi, haina makelele, na bakuli ni dogo makusudi ili uagize la pili.

Jumapili, Surabaya

Treni kutoka Semarang, kisha mvua, kisha rawon.

Kama ningeruhusiwa kumwelekeza mgeni kwenye chakula kimoja tu cha Java, ningemwambia rawon. Ni supu ya nyama nyeusi tititi. Rangi inatoka kwenye keluak, mbegu ya mti ambayo ikiwa mbichi ina sumu ya sayanaidi, sumu ile ile ya muhogo mchungu. Mbegu huchemshwa, kisha hufukiwa kwenye majivu kwa siku kama arobaini, na nyama ya ndani inageuka kutoka rangi ya maziwa kuwa nyeusi na laini. Inasagwa na vitunguu, mchaichai na viungo vingine, inatiwa kwenye supu. Ladha? Udongo uliolowa mvua, uyoga, kidogo kakao isiyo na sukari. Kando yake yai la bata la chumvi, choroko zilizoanza kuchipua, na pilipili ya uduvi.

Wifi alikunywa mchuzi, akafungua mbegu moja kwa kijiko, akanusa, akalamba. "Nani alikuwa wa kwanza," akauliza, "kuchimba kitu chenye sumu baada ya siku arobaini na kusema kitafaa supu?" Mwenye mgahawa, aliyeitwa Bu kama wanavyoitwa akina mama wote Java, alitafsiriwa swali akacheka hadi akakaa.

Usiku rujak cingur, saladi ya matunda, tofu na vipande vya pua ya ng'ombe kwenye rojo jeusi la kamba. Nimeimaliza. Sitaagiza tena.

Watu wameniuliza kwenye simu mbona hatuendi Bali. Kuna kuku wa betutu wa viungo, anaweza kutafutwa, lakini sahani yao kuu ni nguruwe wa kubanika, na wifi alishasema hatalipa nauli kwenda kutazama wengine wakila.

Jumatatu, Surabaya

Asubuhi ya mwisho tumeitumia Ampel, mtaa wa Waarabu unaozunguka msikiti wa Sunan Ampel, ulioasisiwa mwaka 1421. Waarabu wa Indonesia wengi wao asili yao ni Hadhramaut, kama jamaa zao wa Lamu, Mombasa na Unguja. Uchochoro wa kwenda msikitini umejaa tende, kofia, tasbihi na mafuta ya udi. Mzee mwenye duka la manukato alitaja Tarim, mji wa huko Hadhramaut. Nikamtajia ukoo wa Jamalullail wa Lamu, akaniambia wa ukoo huo wapo Indonesia pia. Akatuma kijana alete kahawa ya tangawizi.

Roti maryam ni chapati ya kukunja, tabaka kwa tabaka, inaliwa na mchuzi wa mbuzi. Nasi kebuli ni wali wa samli, mbuzi, iliki, mdalasini, karafuu. Baada ya safari nzima ya kuambiwa hapana, wifi amekutana na mdalasini. Amekula kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa muda mrefu, na akatoa hukumu kwamba mchele ungeloweshwa zaidi kidogo.

Tunasubiri teksi ya uwanja wa ndege. Amechukua karatasi ya hoteli na anapiga hesabu: ana harusi Februari, kilo arobaini za nyama, nazi ngapi kwa kilo, kuni mzigo mzima, vijana wawili wa kukoroga kwa zamu tangu asubuhi. Nimemwambia Tanga hakuna baba wa bibi harusi atakayelipia saa saba za kuni apate nyama isiyo na mchuzi. Anasema baba huyu anadaiwa na yeye tangu shughuli ya mwaka juzi, kwa hiyo atakula anachopikiwa.